Nirudishieni Shikamoo Yangu

Kwako Mkubwa wa Ndege, hapo ofisini kwako, na wote mlioketi pamoja,

Basi kopo likaenda. Nilisimama pale nikaliangalia linavyodondoshwa kwenye pipa, puu, na kifuniko chake chekundu, nikasema haya, safari imeshaharibika na hata ndege yenyewe sijaiona.

Kopo la mafuta ya kujipaka nasema, mheshimiwa. Anayeniandikia ni mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, maana mimi kalamu sijawahi kuishika ila kumwokotea mtu. Anasema nianze mwanzo, Mkubwa wa Ndege hajui kopo gani. Mimi nasema anajua. Kitu kimetupwa nyumbani kwake, atakosaje kujua? Lakini haya, naanza mwanzo, isije ikasemwa bibi huyu kachanganyikiwa.

Mimi ni mtu wa mafuta. Hapa mtaani ukiuliza jina langu watajikuna vichwa, ukiuliza Bibi Mafuta utaletwa mpaka mlangoni na kiti utapewa. Nikitoka kuoga, kabla maji hayajakauka mwilini, napaka. Kisigino, goti, kiwiko, nyuma ya sikio. Ndivyo mama alivyotulea, mimi na dada yangu. Mtoto wa kwake hatoki nje na magoti ya kijivu watu wakadhani kalala jivuni. Dada ndiye aliyekuwa anashika kopo. Mimi nasimama mbele yake, ananipaka huku ananifinya, nikilia ananiambia nyamaza, machozi yanaharibu mafuta.

Huyo dada ndiye habari yenyewe. Anaishi mbali, kwa mwanawe, kwenye nchi ya baridi. Alikwenda kulea mjukuu, wajukuu wakamkalisha. Mara ya mwisho kuonana, mjukuu wa kwanza alikuwa tumboni, na sasa nasikia ana ndevu.

Sasa hapa, mheshimiwa, naomba uache hiyo kazi nyingine unayofanya unisikilize. Mimi nimezeeka. Popote ninapopita napewa shikamoo. Kinyozi, shikamoo bibi. Daktari, shikamoo bibi. Mwalimu mkuu na mvi zake zote, shikamoo mama. Naitikia marahaba mpaka taya linachoka. Lakini wa kumpa mimi hawapo, wamekwisha mmoja mmoja. Kaka zangu wamekwenda, shangazi kaenda, mzee wangu kaenda. Duniani humu nimebakiwa na mtu mmoja tu ambaye mbele yake mimi ni mdogo. Nikimwona nainama, nasema shikamoo dada, naye ananiambia marahaba mdogo wangu. Ukishafika umri wangu utajua utamu wake. Kwenye simu haina ladha, nilitaka niipeleke kwa miguu yangu. Nikaibeba mpaka kwenye ndege yako. Mwanangu kasema maofisini barua bila namba haisomwi, kwa hiyo nakuwekea namba.

La kwanza, kopo. Kijana wenu wa ile mashine ya kumulika mikoba kanisimamisha. Kijana mzuri, ana adabu, shikamoo kanipa. Akasema, "Bibi, haya mafuta hayapandi, yamezidi. Vitu vya majimaji vina kipimo." Nikamwambia, mwanangu, haya si majimaji, haya ni mafuta ya mgando, hata ukiyageuza juu chini hayatoki. Akasema sheria ni sheria. Basi ili aone kwa macho yake, nikafungua, nikageuza juu chini.

Mheshimiwa, siku ile jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa nimelibana lile kopo kwapani njia nzima nisije nikalisahau.

Yalitoka. Yalitoka yote, juu ya meza yake, yakaingia kwenye trei la viatu vya mtu mmoja aliyekuwa nyuma yangu anazungumza na simu. Sasa ningefanya nini, niyaache yapotee? Nikayakomba kwa viganja, nikajipaka mikono, huku mpaka kwenye kiwiko na huku mpaka kwenye kiwiko. Nilipotaka kuanza uso kijana akanishika bega, "Bibi, tafadhali, watu wanasubiri." Kopo likaenda. Kwa hiyo nilipanda ndege yako nikiwa na mikono ya bibi harusi, na hii mikono uikumbuke, tutarudi kwayo.

La pili, upepo. Juu ya kichwa cha kila mtu mmeweka kitundu kinachopuliza. Nani aliyewaomba? Mimi nimekaa, nimefungwa mkanda kama mzigo wa sokoni, siwezi kusogea, na kitundu kinanipulizia utosini. Upepo wenyewe hauna unyevu hata wa kulowesha stempu. Nyumbani nikitaka kukausha nguo naanika mara moja naanua. Ninyi mnaanika watu, tena mnawaacha huko huko juani na mawinguni, jua linazama, jua linatoka, watu bado kwenye kamba. Nikachomeka leso yangu kwenye kitundu. Ikapulizwa ikamwangukia mzee wa kiti cha mbele kichwani, akaamka akidhani tumefika.

La tatu, maji. Mhudumu wenu, binti mmoja amejipodoa vizuri, akaja na maji kwenye kikombe ambacho kwetu tungempa kifaranga. Nikanywa, nikamrudishia, nikamwambia hiyo nimeonja, sasa niletee. Akacheka, akaleta kingine cha kifaranga. Nilimwita mpaka akawa akipita kwangu anatembea upesi. Mwishowe akainama akaniambia, "Bibi, ukinywa sana utakwenda chooni sana." Nikamwambia ndiyo kazi ya maji, mama.

Na kweli nilikwenda. Hicho choo sitakisema, nina heshima zangu. Nasema sabuni tu. Niliona uso umeanza kunivuta, nikasema ngoja ninawe nipate nafuu. Ile sabuni yenu, mheshimiwa, mimi nadhani ni ya masufuria. Niliingia na mafuta kidogo ya asubuhi kwenye kipaji cha uso, nikatoka sina hata hayo. Nikicheka mashavu yanakataa, nikipiga miayo nasikia kitu kinalia, krr.

Wakapita na vitambaa vya moto, wanavishika kwa koleo. Hilo nawasifu, kile kitambaa nilikiweka usoni nikasema ahsante Mungu. Lakini mnampa mtu mvuke, mnamwacha na upepo uleule? Kabla sijakirudisha nilikuwa nimekauka kupita mwanzo. Mkwe wangu anasema usikae na uso mbichi penye upepo, paka kitu juu yake maji yasikimbie. Nalijua hilo tangu hajazaliwa. Tatizo ni kitu gani nipake, na kopo liko pipani?

La nne, binti wa dirishani. Huyu si mwajiriwa wenu lakini alikuwa kwenye ndege yenu kwa hiyo ni wa kwenu. Binti mpole, tumezungumza vizuri, kaniambia anakwenda kusoma. Nikasinzia kidogo. Kufumbua macho, naona pembeni yangu uso mweupe pepepe, hauna pua, una matundu ya macho tu, umeegemea umetulia kama marehemu. Mheshimiwa, nilisali sala zote ninazojua na nyingine nikazitunga. Mzee wa kiti cha mbele akaamka tena.

Kumbe ni karatasi. Karatasi imeloweshwa dawa, wanabandika usoni ngozi isikauke. Binti akaibandua pembe moja akanong'ona, "Bibi usiogope, ni ya kutunza ngozi, ninayo nyingine, nikubandike?" Nikamwambia, mwanangu, mimi sijafa, siku yangu ikifika nitafunikwa na wenye kazi yao. Akarudishia pembe yake. Tulipotua yule binti anang'aa kama yai lililomenywa. Hili nalo nalilalamikia, kwa nini hamkuwa na mtu wa kunishauri niache kiburi?

La tano... la tano au la nne? La tano, siagi. Andika, mama, andika, tumeshaamua kusema ukweli tunasema wote. Chakula kikaja, na pembeni ya mkate kuna kisiagi kimefungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Nikakitazama. Nikatazama miguu yangu, imepauka, mistari mistari, ungeweza kuiandikia hesabu kwa ukucha. Nikasema siagi si mafuta? Ni mafuta. Nikapaka magoti, nikapaka visigino, chini chini huko nikajifanya natafuta kiatu. Raha! Nikamwomba binti wa dirishani cha kwake, akanipa. Mzee wa mbele akanipa chake bila kuulizwa, nadhani alitaka tu alale. Nikapaka uso mzima.

Sikujua ina chumvi. Mheshimiwa, nani anaweka chumvi kwenye siagi? Uso ukaanza kuwasha, halafu ukaanza kukaza, na ule upepo wenu unapuliza. Chumvi na upepo! Hivyo ndivyo samaki anavyotayarishwa asioze. Tena nikawa nanukia mkate. Mtoto wa kiti cha nyuma akawa anasema mama nina njaa, mama nina njaa, na ndiyo kwanza kamaliza kula.

Sasa ndiyo nafika kwenye lile lililonifanya nikuandikie.

Tukatua. Nikatoka na kitoroli changu, nanukia mkate, nimekauka kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu isipokuwa mikono, maana mafuta ya kopo zima hata sabuni yenu iliyashindwa. Mlangoni pale watu wamejaa wanapokea watu wao. Nikamwona. Kasimama na mwanawe, kavaa koti na kofia ya sufu, uso unameremeta, maana yeye kule kwenye baridi hana mchezo, anapaka asubuhi, mchana na jioni. Nikasema moyoni dada yangu huyo! Shikamoo yangu ikapanda mpaka hapa kooni, nikaanza kuinama.

Yeye akawahi. Akanitazama usoni, akaona bibi wa watu, mzee mno, anamjia moja kwa moja; akadhani nimepotea namtafuta mtu. Dada yangu ana adabu tangu utoto. Akapiga goti kidogo, akanyoosha mikono miwili, akasema, "Shikamoo, mama."

Na mimi, mheshimiwa, na huu mdomo wangu uliokwisha kuzoea, kabla sijauzuia, ukajibu wenyewe. Ukasema, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Mwanangu! Dada aliyenibeba mgongoni!

Mwanawe alikaa chini. Nakwambia alikaa chini kabisa, sakafuni, mwanamume mzima, anashika mbavu. Dada bado hajaelewa, bado kanishika mikono kwa heshima. Halafu nikaona anaiangalia. Akaigeuza. Hapa kwenye kidole gumba nina alama, pasi ya mkaa iliniunguza siku tuliyogombania nani anyooshe gauni. Akaisugua ile alama kwa kidole chake, mikono inateleza kwa mafuta. Akasema polepole, "Mkono huu naujua." Akanyanyua macho. "Mdogo wangu? Ni wewe? Wamekufanya nini huko juu?"

Basi tukalia, tukacheka, tukazuia njia, mwenye ufagio akatuzunguka.

Lakini shikamoo yangu iko wapi? Nilipotulia nikajaribu kuitoa. Dada akasema, "Aa, siipokei. Imeshatolewa, imeshaitikiwa, mashahidi wapo." Tangu siku hiyo ndiyo mchezo wake. Hata sasa nimesharudi nyumbani, nikimpigia simu anawahi, "Shikamoo dada mkubwa!" anacheka mpaka anakohoa. Wajukuu nao wameshika, wananiita Dada Mkubwa. Juzi mwanangu mwenyewe kaniuliza mbele ya wageni, mama, hivi kweli ni nani mkubwa? Wanacheka, nami nacheka. Lakini nikishaweka simu chini nabaki na shikamoo yangu, nimwekee nani? Mtu mmoja tu nilikuwa naye wa kunifanya mdogo, na ndege yako imenipandisha cheo nisichokitaka.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba kwa heshima zote.

Kopo langu mlitafute. Likiwa limetupwa, basi mwekeni mtu wa mafuta ndani ya ndege. Mbona mna mtu wa chai, mna mtu wa kahawa, mna mtu wa kuonyesha namna ya kuvaa lile boya la njano ambalo hakuna anayelivaa? Apite mmoja na kopo kubwa na kijiko, kila abiria akinge viganja. Wenye migongo mikavu wajipange kule nyuma karibu na vyoo, wapakane. Pale mbele, kwenye mlango wa rubani, pakae sufuria la maji linachemka muda wote, mvuke utembee. Rubani naye asijione, nilimwona tunashuka anatuaga, midomo imempasuka kama udongo wa kiangazi. Mtu anaendesha roho za watu na midomo inamuuma, atasikiliza njia au atasikiliza midomo? Apakwe kabla ya kuruka na kabla ya kutua, na ndege isishuke mpaka apite mtu kuthibitisha kwamba kila abiria anafanana na picha yake.

Na kubwa kuliko yote, naomba barua kutoka kwako, yenye muhuri, iende kwa dada yangu. Iseme kwamba shikamoo iliyotolewa siku ile ilitolewa kwa makosa, na marahaba iliyoitikiwa ilitokana na hitilafu ya ndege, kwa hiyo zote mbili zimefutwa, kila mtu arudi kwenye ukubwa wake na udogo wake wa zamani.

Nisalimie nyumbani kwako, mama watoto na watoto. Msalimie rubani, mwambie atumie mafuta ya mgando, si siagi. Nisalimie binti wa vikombe, mwambie simlaumu, na yule kijana wa mashine, natumaini meza ilisafishika. Mzee wa kiti cha mbele, akipanda tena, mpeni usingizi wake.

Ni mimi katika ukavu na heshima,

Bibi Mafuta, mdogo mtu

Tena. Mkwe, usikunje, kuna la pembeni. Andika hapo chini.

Mheshimiwa, nilisahau kukwambia, dada anakuja leo, na ndege yako hiyohiyo. Kwa hiyo hayo niliyoomba usiyafanye leo. Leo kitundu kipulize. Ukiweza kukiongeza, kiongeze. Kopo lake likionekana, pipani. Nataka atoke pale mlangoni amepauka mpaka mwenye ufagio wa huku kwetu ajue ni yupi mkubwa, na mimi nimesimama hapo nameremeta, tangu jana nakunywa maji na kujipaka, kitanda kizima kinateleza.

Tena hata kesho usiyafanye. Acha tu. Maana siku ile tulipofika kwake, dada alinivua viatu mwenyewe, akanikalisha kwenye kigoda, akaleta maji ya vuguvugu na kopo lake. Akanikanda miguu, akanipaka magoti, akanipaka uso, ananifinya kama zamani. Halafu akanigeuza akanipaka mgongo. Mheshimiwa, mgongo mkono wako mwenyewe haufiki. Tangu mzee wangu alipoondoka, mgongo wangu ulikuwa haujapakwa. Nililia, akaniambia nyamaza, machozi yanaharibu mafuta. Sasa ningeshuka kwenye ndege yako nikiwa nang'aa kama yule binti wa yai, angenipaka nani? Basi iache ndege ikauke. Hiyo barua ya muhuri nayo...

Naam? Nakuja! Mwanangu huyo yuko nje anapiga honi, anasema tutamkuta keshatoka, kasimama peke yake. Haya, mkwe, nipe mtandio. Kopo liko wapi? Si hilo langu, hilo kubwa jipya, la dada. Na mtu asinisalimie njiani, jamani, wala asinisemeshe. Ninayo hapa mdomoni, nisije nikampa mwingine.